Meza Tupu

Ewe msomaji, yamkini siku moja utaketi mbele ya kompyuta ya nyumbani kwenu, uiwashe kama ulivyoiwasha jana na juzi, nayo iitike kwa mvumo wake wa kawaida. Utaandika neno lako la siri, nalo litapokewa. Kisha utangoja, na hapana litakalotokea. Kiwambo kimewaka, lakini hakina kitu: hapana vijipicha vya kazi zako, hapana mstari wa chini, hapana saa ya pembeni. Kipo kishale cha kipanya peke yake, kikitangatanga katika weusi mtupu mithili ya mgeni aliyefika nyumbani akakuta wenyewe wamehama. Moyo utakushtuka. Utadhani kwamba kila ulichokiandika kimepotea. Nimeandika kurasa hizi ili siku hiyo usifanye kama nilivyofanya mimi.

Katika mwaka 2019 wanafunzi wangu wa somo la historia walikwenda kwa wazee wa vijiji vyao wakawauliza habari za zamani: namna watu walivyoishi wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mazao waliyoyalima, na nyimbo walizoimba. Walirudi na masimulizi ya wazee 14, nami nikayaandika yote katika kompyuta yangu. Asubuhi moja ikawaka nikaona meza tupu. Kwa hofu niliichukua mbio kwa fundi mmoja, naye aliitazama kwa muda usiotosha kunywea kikombe cha chai, akasema kwamba imeharibika, na dawa yake ni kufuta yote yaliyomo na kuipakia upya. Nikakubali. Jioni ilirudi ikiwa safi kama ubao uliopanguswa. Masimulizi hayakuwamo, na nakala nilikuwa sikuweka. Wanafunzi walirudi kwa wale wazee kuwauliza tena; watatu kati yao walikuwa wamekwisha kufariki.

Miezi kadha baadaye nilimsimulia mkasa huu kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Hakuniuliza aina ya kompyuta wala bei yake. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, kishale kilikuwa kikitembea?" Nikamjibu kwamba kilikuwa kikitembea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Basi, Mwalimu, kompyuta yako ilikuwa imeamka. Ni meza tu iliyokuwa haijatandikwa. Masimulizi yako yalikuwamo ndani."

Neno lile liliniuma, kwa sababu mimi ni mwalimu wa historia, na nilishindwa kufanya jambo ambalo nawafundisha watoto kila siku, yaani kuuliza ni nini kilichotangulia kabla ya hili ninaloliona. Kuwaka kwa kompyuta ni mnyororo wa hatua, na kila pete ya mnyororo huo ilifuliwa katika wakati wake kwa sababu yake. Aijuaye historia ya pete hizo aweza kutambua ni ipi iliyokatika. Na tuifuate basi tangu mwanzo.

Kompyuta iliyozimwa haijui kitu. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi husahau yote umeme ukikatika. Ili isome maagizo kutoka nje, yahitaji kwanza maagizo ya kuifunza kusoma. Nayo itayasomaje ilhali bado haijui kusoma? Fumbo hili liliwakabili wavumbuzi wa kwanza. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Maurice Wilkes na wenziwe walijenga kompyuta iliyoitwa EDSAC, ambayo ilifanya kazi yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Kijana mmoja wao, David Wheeler, alitunga maagizo machache, 31 tu kwa hesabu, nayo yakafungwa kwa nyaya katika swichi za namna iliyotumika katika mitambo ya simu. Kitufe kilipobonyezwa, maagizo yale yaliingia katika kumbukumbu, na kazi yao ilikuwa kuyasoma maagizo mengine kutoka katika utepe wa karatasi wenye matundu. Hivyo mashine ilipewa kidogo ili iweze kujitafutia kingi. Hiyo ndiyo pete ya kwanza.

Wilkes mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba siku moja, alipokuwa akienda kutoka chumba cha mashine hadi kwenye vifaa vya kutobolea utepe, alisita penye ngazi. Ilimjia kwa nguvu kwamba siku nyingi za maisha yake zitakwisha katika kuyasaka makosa aliyoyafanya kwa mkono wake katika programu zake. Kwa hiyo, msomaji, usione haya kompyuta ikikushinda. Kazi ya kutafuta kosa ni ndugu pacha wa kompyuta yenyewe, nao walizaliwa karibu siku moja.

Waingereza na Wamarekani wana mzaha juu ya mtu ajaribuye kujiinua kutoka chini kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Kutokana na mzaha huo kitendo cha kuwasha kompyuta kilipata jina lake katika lugha yao, maana ndivyo mashine ifanyavyo: hujiinua yenyewe. Walakini kwa muda mrefu ilihitaji mkono wa mtu. Kompyuta ndogo ya Altair 8800, iliyotangazwa Marekani Januari 1975 na kuuzwa kwa watu wa kawaida, haikuwa na kiwambo wala kibodi. Mwenyewe aliandika maagizo ya kwanza kwa kuinua na kushusha swichi zilizopangwa mbele yake, agizo baada ya agizo, na alipokosea moja iliweza kumpasa kurudia. Alipozima umeme, kazi yote ilipotea, na kesho yake alianza tena.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi tarehe 12 Agosti 1981, taabu hiyo ilikuwa imeondolewa. Maagizo ya kwanza yaliwekwa katika kijisehemu cha kumbukumbu isiyosahau, hata umeme ukizimwa. Ulipoiwasha, yalikagua kumbukumbu na kibodi. Yalipoona mambo ni salama, yalitoa mlio mmoja mfupi, kisha yakaenda kuisoma diski. Mlio ule ulikuwa ni lugha. Ulisema: "Mimi nimemaliza zamu yangu, nampisha mwenzangu." Na mhandisi mmoja wa IBM, David Bradley, aliongeza njia ya kuianzisha upya mashine iliyokwama, yaani kubonyeza kwa pamoja Ctrl, Alt na Delete. Alizichagua ziwe mbali ili mtu asizibonyeze kwa bahati mbaya. Tutazihitaji baadaye.

Hadi hapo mtumiaji alikutana na maandishi tu. Meza ilikuwa bado. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliuonyesha mkutano wa wataalamu kifaa kidogo cha mkononi chenye kusogeza alama juu ya kiwambo. Mfano wake wa kwanza ulikuwa wa mbao, na ndicho tukiitacho leo kipanya. Kisha wataalamu wa kampuni ya Xerox, huko California, walijenga kompyuta ya Alto katika mwaka 1973, na wazo likakua miongoni mwao kwamba kiwambo kifananishwe na meza ya karani: karatasi zikiwa juu ya karatasi, na makabrasha pembeni. Kompyuta yao ya Star ya mwaka 1981 iliwaonyesha wanunuzi meza hiyo ikiwa na vijipicha vya hati, makabrasha na sanduku la barua. Kampuni ya Apple ilifuata kwa kompyuta ya Lisa katika mwaka 1983, iliyouzwa dola 9,995, na Macintosh tarehe 24 Januari 1984, iliyouzwa dola 2,495.

Angalia jambo moja juu ya Macintosh. Ilipowaka vema ilionyesha uso mdogo wenye tabasamu. Ilipokosa diski ya kuanzia, ilionyesha picha ya diski yenye alama ya kuuliza, na ilipogundua kosa kubwa ilionyesha uso wenye huzuni. Nyuso hizo zilichorwa na Susan Kare. Hazikuwa mapambo tu, kwa kuwa zilimwambia mtu mahali mnyororo ulipokatikia. Meza tupu ya siku zetu haina uso wala mlio. Ni ugonjwa usio na ulimi, na sababu yake utaiona sasa hivi.

Kampuni ya Microsoft ilitoa Windows ya kwanza mwezi Novemba 1985. Katika Windows 3.0 ya mwaka 1990, meza ilitandikwa na programu iitwayo Program Manager, na jina la programu hiyo lilikuwa limeandikwa katika faili ndogo ya mipangilio. Tarehe 24 Agosti 1995 ikaja Windows 95, na kazi ile ikapewa programu mpya iitwayo Explorer, ambayo hata leo ndiyo itandikayo vijipicha, mstari wa chini na kitufe cha kuanzia. Fahamu sana jambo hili: mtandika meza si kompyuta, wala si Windows yote. Ni mtumishi mmoja miongoni mwa wengi, naye huitwa wa mwisho. Katika Windows za leo, ukiisha kuandika neno lako la siri, programu iitwayo Winlogon humwita mwenzake Userinit, naye Userinit husoma katika daftari la ndani jina la mtandika meza, kisha humwita. Asipoitika, nyumba yote imo, taa zinawaka, mlango umefunguliwa, lakini sebuleni hapana kiti. Na kwa kuwa yeye ndiye msemaji wa nyumba, hapana wa kukuambia kwamba hayupo. Ndiyo maana ugonjwa huu hauna ulimi.

Sasa lirudie swali la yule kijana: "Kishale kilikuwa kikitembea?" Kiwambo kisipowaka kabisa, chunguza umeme na nyaya. Kikiwaka kwa maandishi yasemayo kwamba diski haionekani, pete ya kwanza imefanya kazi na ya pili imekatika. Lakini ukifika kwenye ukurasa wa neno la siri, likapokewa, na kishale kikakufuata, umekwisha kupata ushahidi mwingi: umeme upo, kumbukumbu ipo, diski imesomeka, kiini cha Windows kimeamka, na wewe umetambuliwa. Kilichobaki ni pete moja au mbili za mwisho. Meza kuwa tupu si ushahidi kwamba sanduku la hati ni tupu.

Historia inatupa visa viwili vya kutuonya. Mwishoni mwa Novemba 2009 ilienea habari ya kompyuta ambazo zilikuwa zikiwaka hadi weusi mtupu baada ya mtu kuingia. Kampuni ya Uingereza ya usalama wa kompyuta, iitwayo Prevx, ilitangaza kwamba kosa lilitokana na masasisho ya Microsoft ya mwezi ule. Microsoft ilichunguza ikakana. Kabla ya siku nyingi kupita, Prevx wenyewe waliiondoa shutuma yao wakaomba radhi, maana walipochunguza zaidi waliona jambo jingine. Jina la mtandika meza katika daftari la ndani likiandikwa pasipo alama ya kulifunga mwishoni, Windows hushindwa kumwita. Na programu haribifu, au programu nyingine yoyote, yaweza kuliandika hivyo. Alama moja isiyoonekana ilitosha kuficha nyumba nzima. Wataalamu nao, kwa haraka, walimtaja mkosaji kabla ya kuupima ushahidi.

Kisa cha pili ni cha Februari 2020. Baada ya sasisho moja la Windows 10, lililopewa namba KB4532693, baadhi ya watu waliingia wakakuta meza ngeni: picha si yao, na hati zao hazipo. Wengi waliamini wameibiwa au wamefutiwa. Kumbe kompyuta ilikuwa imewaingiza katika makao ya muda, kama hoteli impavyo msafiri chumba kingine wakati ufunguo wa chumba chake umekwama. Chumba chao kilikuwapo, katika kabrasha la watumiaji, ila jina lake lilikuwa limeongezwa herufi au tarakimu chache mwishoni. Wengine waliponywa kwa kuizima kompyuta na kuiwasha mara kadha. Ole wake aliyekimbilia kufuta yote!

Basi siku ikikufika, fuata utaratibu huu. Kwanza, usifute kitu, wala usimruhusu mtu kufuta. Ngoja dakika chache, kwa kuwa pengine sasisho linamalizia kazi yake. Ikiwa kompyuta iliwahi kuunganishwa na kiwambo cha pili au runinga, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, maana huenda meza yako imetandikwa kwenye kiwambo kisichokuwapo. Ikiwa mstari wa chini upo na ni vijipicha tu visivyoonekana, bonyeza kipanya upande wa kulia juu ya meza, uingie sehemu ya mwonekano, utazame kama kuonyesha vijipicha kumeondolewa alama. Watoto wengi wamewatisha wazazi wao kwa alama hiyo moja.

Ikiwa hapana kitu isipokuwa kishale, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea programu isimamiayo kazi, ambayo ilianza kuitikia vitufe hivyo katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996. Ikikataa, jaribu vile vitufe vitatu vya Bradley, vyenye kukuletea orodha ambamo programu hiyo imetajwa. Humo chagua kuanzisha kazi mpya, uandike explorer.exe, uthibitishe. Meza ikitandikwa mbele ya macho yako, umejua kwamba mtumishi alikuwa mzima ila hakuitwa. Iliyobaki ni kuchunguza aliyezuia mwito. Na ikiwa meza imetandikwa lakini ni ngeni, usiweke hati yoyote mpya katika makao hayo ya muda, maana hufutwa utokapo. Nenda ukalitazame kabrasha la watumiaji katika diski, utafute jina lako.

Yote hayo yakishindikana, ingia katika hali ya usalama. Katika hali hiyo Windows huwaita watumishi wa lazima tu na kuwaacha wageni nje. Siku za Windows 95 njia yake ilikuwa kitufe F8. Katika Windows 10 na 11 waweza kushikilia Shift huku ukichagua kuwasha upya, kisha ukafuata orodha za matengenezo. Meza ikionekana humo, kosa ni la mmoja wa wageni, na aghalabu ni yule aliyekuja mwisho: programu mpya, au kiendeshi kipya cha kiwambo. Usiidharau njia hii kwa kuwa ni ya zamani. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja mbovu kutoka kwa kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilizuia kompyuta za Windows kuwaka katika nchi nyingi; Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5. Ndege hazikuruka na hospitali zilitatizika. Tiba iliyotumika katika nyingi ya kompyuta hizo ilikuwa kuingia katika hali ya usalama na kuiondoa faili ile moja. Hapakuwa na haja ya kufuta hati za mtu.

Na ikilazimu kumpelekea fundi, mpelekee pamoja na historia ya ugonjwa. Mwambie ulipofika na uliposimama: neno la siri lilipokewa, kishale kilitembea, jana yake uliongeza programu fulani. Kisha mwombe jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba hati zako zinakiliwe kwanza mahali pengine. Diski yaweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine hata kama Windows yake haiamki, ingawa diski iliyofungwa kwa siri huhitaji ufunguo wake, nao yafaa uuhifadhi mapema. Fundi mwema hatachukizwa na ombi hilo. Na tangu leo weka nakala ya kila ukithaminicho mahali pawili, kwa kuwa tahadhari kabla ya hatari, nayo hatari haipigi hodi.

Mimi sikuyajua hayo katika mwaka 2019. Wazee 11 walikubali kuulizwa tena, nao walisimulia kwa subira kubwa, ingawa mzee mmoja alimwambia mwanafunzi wangu, "Mjukuu wangu, safari hii andika kwa wino." Masimulizi yao sasa yako katika daftari, na katika kompyuta, na katika diski ndogo iliyo kabatini shuleni. Ya wale watatu hayapo popote. Nilipoona meza tupu nilidhani wameondoka, kumbe walikuwa wangali ndani wakingoja kufunguliwa. Nami ndiye niliyetoa ruhusa wafutwe.